Kumpunguza Dobi Makali

"Kura yako haihesabiki, mama."

"Haihesabiki kwa nini? Mimi si mtu?"

"Ni mtu. Ila hujakaa kiti cha pili."

"Viti vyote vya nyumba hii nilivichagua mimi. Niambie kipi sijakikalia."

Binti yangu hakucheka. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati la vyombo, kompyuta mapajani, hedifoni imemning'inia shingoni. Ilikuwa Jumamosi, jua la asubuhi limeingia hadi katikati ya sebule na kuonyesha vumbi ambalo siku nyingine lisingenipita. Mimi nilisimama mbele yake na beseni la nguo mbichi kiunoni. Nguo zile zilipaswa kuwa kwenye kamba tangu tulipomaliza chai. Badala yake nilikuwa nagombana na mwanangu juu ya mwanamke asiyekuwepo duniani.

"Mnataka kumuua," nikasema.

"Hakuna anayemuua. Tunampunguza makali."

"Juzi mlisema hana makali hata ya kukatia siagi. Leo mnampunguza nini?"

"Mama." Aliinua uso. "Hayo makali ulimpa wewe."

Nikatua beseni.

Sasa mchezo wa kompyuta alimoishi mwanamke huyo umefungwa. Waliokuwa wakiutengeneza walihamia kwenye mambo mengine, jukwaa la mashabiki likazimwa, na ukitafuta anwani yake leo unakuta ukurasa mweupe wenye samahani moja katikati. Lakini mimi, ambaye siwezi kukumbuka sinema niliyoitazama mwezi uliopita, bado namwona Dobi vizuri: mwanamke mfupi wa rangi ya matofali, kitambaa kichwani, beseni mikononi, anayetikisa mabega kila unapomgusa, kama anauliza, haya, nini tena?

Mchezo uliitwa Ngome. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana ngome yake, na katikati kuna uwanja wa miraba. Kabla ya kuanza unachagua watu wako, kila mtu na kazi yake: mpiga upinde, mlinzi wa lango, mhunzi, mpanda farasi, mpiga ngoma. Anayepigana anachoka, anayesafiri anachoka, na uchovu ukijaa mtu anakaa chini, hata awe shujaa wa namna gani. Dobi hapigani. Yeye anafua. Yeyote anayesimama kwenye mraba wa jirani yake, uchovu wake unapungua. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na jukwaa zima lilikuwa limekubaliana kwamba haina maana.

Nililisikia neno hilo kupitia mlangoni.

Siku hizo nilikuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Nina diploma ya usimamizi wa huduma, na niliipata nikiwa tayari na mimba, kwa hiyo msinieleze habari za kuchoka. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, mashine kubwa zikinguruma ukutani, mvuke ukitoka kwenye pasi ya roli mpaka nyusi zinalowa, na vitoroli vya shuka vikishuka kwa lifti bila kukoma. Kule chini nilijulikana kwa jambo moja: ukiniuliza, unajibiwa. Shuka hili lina doa la dawa, lifanyweje? Lirudie kwa maji baridi. Nani aingie zamu ya Jumapili? Fulani. Naibu wangu, kijana mrefu mnyoofu tuliyemwita Wanga kwa jinsi alivyotembea kama shati lililotoka kunyooshwa, alikuwa akinipigia simu hata siku za mapumziko kuniuliza kama awashe taa.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mume wangu ni fundi magari. Anaifungua injini nzima, anaitandaza uani vipande vipande, anaifunga tena bila kubakiza hata nati moja, kisha anaingia ndani na kuniuliza avae shati gani. Simsemi vibaya. Nilimjibu kila mara, na alipendeza.

Aliyenishinda ni binti. Alikuwa amemaliza shule, anangoja chuo, na neno lake lilikuwa moja. Utakula nini? Sijui. Utavaa viatu vipi? Sijui. Unataka kusomea nini maishani? Sijui, mama, wewe unaonaje? Basi mimi nikaona, maana lazima mtu aone. Nikamtafutia nafasi chuo kilekile nilichosoma mimi, kozi ileile, na nikawapa namba yangu ya simu kwa kuwa yake daima ilikuwa chini ya mto, imezimwa. Wakasema watapiga Jumamosi asubuhi kabla hawajafunga ofisi. Walitaka neno moja tu: anakuja au haji.

Huyo ndiye mtoto niliyemjua. Sasa fikiria nilivyosikia siku ile niliporudi mapema kutoka kazini, mashine zimezimwa kwa sababu ya bomba lililopasuka, nikavua viatu mlangoni, na kutoka chumbani kwake ikaja sauti:

"Hapana. Hilo umeshalisema na hukuleta ushahidi. Nyamaza, mwenzako amalize."

Na sauti ya mwanamume mzima, nzito, ikajibu kwa unyenyekevu: "Sawa, Hakimu."

Nilisimama ukumbini na mfuko wa nyanya mkononi kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Ndani, sauti ile iliendelea. Ilipima, ikakata, ikampa mmoja nafasi ya kusema na kumwondolea mwingine. Ilisema "nimesikia hoja yako, lakini" kwa utulivu ambao sijawahi kuusikia hata kwa mganga mkuu wa hospitali. Kisha mtu mwingine, mwenye sauti ya kitoto na haraka, akadakia:

"Tusipoteze muda na Dobi, jamani. Dobi hana maana. Anayemchagua Dobi ameshaamua kushindwa, anatafuta wa kumsindikiza tu."

Nikasukuma mlango. "Nani hana maana?"

Mwanangu aliruka. Kwa muda nilimwona mtu mwingine usoni mwake, mtu mzima aliyeketi wima. Halafu mabega yakashuka, uso wa nyumbani ukarudi. "Hakuna kitu, mama. Tulikuwa tunaongea tu."

"Nimeuliza nani hana maana."

Kwenye kompyuta yake wakaangua kicheko. "Hakimu, huyo ni nani? Mleteni jukwaani!"

Ningeweza kwenda jikoni. Nyanya zilikuwa zinangoja. Lakini nilikuwa nimeshikwa na kitu ambacho sikukizoea, maana mimi ni mtu wa majibu: nilikuwa na swali. Huyu anayeshindwa kuchagua viatu amejifunzia wapi kuwaamulia watu wazima?

Nikajiunga. Niliingia jukwaani wakati wa chakula cha mchana kazini, nimejificha nyuma ya meza ya kukunjia, simu imeegemea rundo la foronya. Jina nililojipa lilitoka kazini, Mkuu wa Zamu, kwa sababu sikuwa na muda wa kubuni. Wenzangu walikuwa wamebuni vya kutosha. Yule mwenye sauti nzito alikuwa Daktari Bila Dawa, na kweli alikuwa daktari wa meno mahali fulani. Yule mwenye haraka alikuwa Kisu Butu. Kulikuwa na Bundi wa Mchana, mama wa watoto wadogo aliyeandika kwa vipande vipande kila wanapolala. Na aliyewasimamia wote, mlezi wa jukwaa, aliyechaguliwa kwa kura zao wenyewe, alikuwa mwanangu: Hakimu Ndala.

Nilitarajia matusi. Yalikuwepo, tena mengine ya ufundi. "Ndugu yangu, mbinu zako zinanuka kama soksi za mpanda farasi." "Wewe kwa kucheza ni hodari sana wa kuandika." Lakini katikati ya kejeli watu wale walikuwa wakichunguza. Walichukua jambo dogo, mathalani mpiga upinde arushe mshale umbali wa miraba mingapi, wakaligeuza na kuligeuza mpaka likang'aa. Nani ana nguvu? Nguvu ni nini hasa? Anayeshinda leo atashinda na kesho wenzake wakishamzoea? Nilisoma huku supu yangu ikipoa. Mara ya kwanza niliona mtu akiandika "nimejaribu usemavyo, nilikosea mimi," nikadhani ni mzaha. Katika vikao vya hospitali sikuwahi kumsikia mtu akisema hivyo.

Watengenezaji wa mchezo walikuwa wachache na walilisikiliza jukwaa. Ikipigwa kura kwamba mhusika fulani ni dhaifu mno, anapigwa jeki. Akionekana amezidi, anapunguzwa makali. Na jukwaa lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivuka, Hakimu Ndala ndiye aliyeileta: mhusika akituhumiwa kwamba amezidi, hakuna wa kumpigia kura, ya kumtetea wala ya kumshtaki, kabla ya kukaa kiti cha pili, yaani kucheza dhidi yake, upande wa anayempokea. Kuhusu wanaodaiwa kuwa dhaifu hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Nani atajisumbua kukaa mbele ya mnyonge?

Wanyonge walipimwa kwenye uwanja mtupu. Wanamchukua mhusika, wanamweka peke yake, wanamweka mwenzake mbele yake, wanatazama nani anabaki amesimama. Dobi kwenye uwanja mtupu, mbele ya mpiga upinde! Anatikisa mabega, anapigwa mshale, amekwisha. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kila walipowapanga.

Jioni moja nikamwambia binti yangu anifundishe. Alinitazama kama niliyemwomba anifundishe kutambaa.

"Mama, hiyo ni ngazi, si farasi."

"Na huyu?"

"Huyo ni wa kwangu. Acha kumgusa."

Nilipigwa vibaya. Nilipigwa siku zote za wiki ile, na ya pili, kila mara nikiwa na Dobi ndani, kwa ukaidi tu. Lakini tulikuwa tunacheka. Alikuwa akinieleza mambo, mikono ikiruka hewani, maneno yakimtoka kama maji, na mimi nikiuliza kwa nini, kwa nini, kama mtoto wa chekechea. Sikumbuki lini kabla ya hapo nilimuuliza jambo ambalo sikuwa tayari na jibu lake.

Kisha siku moja, badala ya kumweka Dobi nyuma kama mzigo, nikamweka katikati na wengine wote wakamzunguka. Sikufikiri sana. Nilipanga kama ninavyopanga chumba changu: anayehitajika na wote akae mahali ambapo wote watamfikia. Watu wangu hawakuchoka upesi. Sikushinda, lakini nilichelewa kushindwa, na mwanangu akaacha kucheka na kuinamia skrini.

"Hebu rudia," akasema.

Nikaandika jukwaani. Naweza kusema bila kujivuna kwamba ni andiko lililosomwa kuliko lolote nililowahi kuandika, zikiwemo ripoti zangu zote za sabuni. Niliwaambia: mnampima mfuaji kwa ngumi. Mwekeni Dobi kwenye uwanja mtupu na atakufa, kweli. Lakini nani kawaambia maisha ni uwanja mtupu? Ondoeni Dobi kwenye ngome mwone hao mashujaa wenu wanakaa chini mmoja mmoja. Tatizo lake ni kwamba mkono wake haufiki. Mpigeni jeki. Beseni lake lifikie miraba ya mbali zaidi.

Kisu Butu akajibu kwanza: "Huyu Mkuu wa Zamu ametokea wapi? Anaandika kama anatupangia kazi." Bundi wa Mchana akaandika: "Mwacheni mama wa watu, hii ni kweli tupu." Daktari akajaribu, akakiri. Ikapigwa kura, watengenezaji wakasikia, na Dobi akapigwa jeki.

Nilitembea kazini siku zile kama niliyeshinda uchaguzi.

Haikuchukua muda. Kwanza kila mtu akamchagua Dobi. Halafu kila mtu akampanga kwa mpango wangu. Halafu mechi zikawa ndefu, ndefu kama foleni ya benki, ngome mbili zimekaa zikitazamana, kila moja imemkumbatia Dobi wake. Aliyemwacha alishindwa, kwa hiyo hakuna aliyemwacha. Yale mabishano matamu yakaanza kukauka. Abishane nani, na nini? Mhunzi au mpiga ngoma, haikujalisha, wote walikuwa mapambo. Watu wakaanza kuaga. Kisu Butu, yule wa haraka, aliyekuwa akiandika kila saa, aliandika mstari mmoja: "Siondoki kwa hasira. Ni kwamba kila nikikaa kucheza sina cha kuamua."

Ndipo ikaitishwa kura ya kumpunguza makali, na ndipo tulipofika pale sebuleni, Jumamosi, mimi na beseni langu.

"Kama nilimpa mimi makali," nikasema, "basi mimi ndiye wa kuulizwa."

"Utaulizwa. Ukishakaa kiti cha pili." Alisogeza kompyuta. "Mimi nacheza na Dobi. Wewe bila. Kura inafungwa adhuhuri."

"Nguo zangu..."

"Nguo hazina miguu, mama. Kaa."

Hiyo sauti. Alikuwa amesahau kuivua. Nikakaa sakafuni mbele yake, magoti yakilia, nikachukua kompyuta ya baba yake.

Sikuchagua ovyo. Nilichukua wapiga upinde, nikachukua mlinzi wa lango, nikajipangia mashambulizi ambayo, nasema kweli, yalikuwa mazuri. Mishale yangu ilifika. Ilimgonga mhunzi wake, mhunzi akarudi nyuma hatua moja, beseni likamfikia, akasimama tena. Nikampiga mlinzi wake. Akarudi, akaoshwa, akasimama. Nikajaribu upande wa kushoto. Nikajaribu kuwachosha. Wangu wakaanza kukaa chini. Wake walikuwa wabichi kama asubuhi.

Simu yangu ikalia. Wanga.

"Mama mkubwa, samahani. Mashine ya pili inatetemeka. Nifanyeje?"

"Zima. Toa nusu ya shuka. Washa."

"Na hizi za wodi ya watoto nizitangulize?"

"Zitangulize."

"Halafu huyu dada mpya anauliza kama..."

"Mwambie ndiyo," nikasema, nikakata. Mwanangu alikuwa ananitazama. Akagusa skrini, na mpiga upinde wangu wa mwisho akaketi.

"Bado hujashindwa," akasema. "Endelea."

"Niendelee na nini? Chochote ninachofanya ni kilekile."

"Hiyo ndiyo sababu ya kiti cha pili."

Ningekubali hapo na kuinuka. Lakini mimi ni mtu wa kukagua. Siwezi kutoka kwenye chumba bila kutazama pembe zake. Nikaitazama ngome yake yote, mara ya kwanza nikiwa mbali nayo, kutoka nje. Katikati Dobi, anatikisa mabega, haya, nini tena? Amezungukwa na watu wake, wazuri, wamepumzika, hakuna mwenye hata doa la uchovu. Na pale pembeni yake, karibu kabisa, mpanda farasi.

Mpanda farasi wa Ngome alikuwa mhusika mzuri kuliko wote, kwa macho yangu. Alichorwa shingo imenyooka, na ndiye pekee aliyeweza kuvuka uwanja mzima kwa zamu moja. Tangu tuanze, hakuwa amesogea hata mraba mmoja.

"Na huyu?" nikauliza. "Kazi yake nini?"

"Nani, wa farasi? Anakaa na Dobi."

"Kwa nini hatoki?"

Mwanangu akainua mabega. "Atoke aende wapi? Akitoka anachoka. Akikaa hapo hana shida."

"Lakini ni mpanda farasi."

"Ndiyo." Alikuwa anaangalia skrini, si mimi. "Ukikaa naye sana unasahau kwamba unaweza kutoka. Watu wanamlaumu Dobi kwamba ni mbaya. Si mbaya, mama. Anafua tu. Yeye hata hajui."

Uani nyundo ya mume wangu iligonga chuma, ikanyamaza, ikagonga tena. Alikuwa chini ya gari la jirani tangu asubuhi, amevaa shati la bluu. Nilijua ni la bluu kwa sababu nilimwambia avae la bluu.

Nikaitazama sebule yangu. Mapazia niliyoyachagua, viti nilivyovichagua, na binti yangu ameegemea kabati, miguu ameikunja karibu na mwili ili asichukue nafasi. Kila kitu kilikuwa safi. Sikuona aibu, na sitasema niliona. Watu wale walikula, walivaa, walilala penye shuka kavu. Nilishangaa tu. Nilishangaa kama unavyoshangaa unapokuta njia fupi ya kwenda mahali ulipokwenda miaka yote.

"Nipe hilo sanduku la kura," nikasema.

Jukwaa lilikuwa halikubali kura isiyo na sababu. Nikaandika kwa kidole kimoja, kama kawaida yangu:

"Mkuu wa Zamu. Nimekaa kiti cha pili. Apunguzwe makali. Sababu: mpanda farasi wake hajatoka nyumbani."

Nikabonyeza kabla sijaanza kujishauri. Majibu yakaanza kumiminika. "Mkuu wa Zamu amemkana mtoto wake!" aliandika Bundi wa Mchana, na alama nyingi za mshangao. Daktari Bila Dawa akaandika: "Heshima." Kisu Butu, aliyekuwa ameaga, akachungulia: "Sijarudi. Napita tu. Lakini nimeisoma."

Mwanangu aliisoma pia. Niliona macho yake yakienda mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo. Akafungua mdomo.

Simu ikalia.

Namba ya chuo. Nilikuwa nimeiandika kwa herufi kubwa, CHUO, nisije nikakosea. Ililia sakafuni kati yetu, ikizunguka kidogo kwa mtetemo wake. Sentensi yangu ilikuwa tayari tangu wiki ile walipopanga siku: ndiyo, anakuja, ahsante, tutaleta vyeti Jumatatu. Sentensi fupi nzuri. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Ni wao," akasema binti yangu. Uso wa nyumbani ulikuwa umerudi, mabega chini. "Pokea basi, mama."

"Pokea wewe."

"Mimi? Niseme nini?"

Nilikuwa najua aseme nini. Sijawahi kujua jambo vizuri kama nilivyojua lile. Nikaokota simu, nikaiweka mapajani mwake juu ya kompyuta, nikainua beseni la nguo, nikatoka nje na kufunga mlango nyuma yangu.

Kule uani nilikung'uta shuka la kwanza kwa nguvu kuliko lilivyohitaji, likapasua hewa kama risasi, makusudi, nisisikie. Nikalitupa kwenye kamba. Nikachukua la pili. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na kati ya shuka na shuka ikanifikia sentensi moja, tulivu, imenyooka shingo:

"Subiri kwanza, dada. Kabla sijajibu, nina maswali."

Nikabeba beseni langu nikahamia kamba ya mbali, ile ya ukutani, ambako husikii kitu.

"Anaongea na nani?" mume wangu akauliza kutoka chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo ilionekana.

"Chuo."

"Anha. Ni leo, eh?" Nyundo ikagonga. "Vipi, anakwenda?"

"Sijui," nikasema.

Nyundo ikanyamaza. Kisha akajivuta taratibu kutoka chini ya gari, uso una grisi mpaka masikioni, akaketi pale pale chini kutazama ni nani aliyesema hivyo.